Koti la Bakteria

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Bitana. Jina hilo alijipatia kwa ubishi. Mteja akileta kitambaa cha koti na kusema, "Nishonee tu hivi hivi, bitana ya nini?", yeye humrudishia kitambaa kikiwa kimekunjwa vizuri na kumwambia kwa upole, "Hilo halitakuwa koti, mpenzi. Litakuwa shati lenye kiburi." Mteja hununa, huzunguka kwa mafundi wengine, kisha hurudi na bitana, kile kitambaa cha ndani, mkononi. Mimi nayasikia yote, maana duka langu la vifungo, zipu na nyuzi liko mlango unaofuata, na kinachotutenganisha ni mbao tupu. Mama Bitana akicheka, mikebe yangu ya vifungo inatikisika rafuni. Na ni mwanamke anayecheka.

Mumewe ni kinyozi, ana chumba chake ng'ambo ya barabara. Tunamwita Kipara, kwa sababu yeye anayeishi kwa nywele za watu hana hata unywele mmoja wa kwake. Ni mrefu, ana tumbo linalomtangulia mlangoni, na sauti yake haihitaji kipaza sauti. Ujanani alitaka kuwa mwigizaji wa jukwaani. Hakuna aliyemwita, kwa hiyo miaka yote amekuwa akiwaigizia watu waliokaa kwenye kiti chake, wasioweza kukimbia kwa sababu wembe uko shingoni.

Wana mtoto mmoja, fundi wa lifti, kijana mpole ambaye kazi yake humweka juu ya majengo marefu kutwa nzima. Huyo ndiye aliyewaletea mkamwana. Na mkamwana mwenyewe ni mtafiti. Anafanya kazi katika maabara ya chuo kikuu, akichunguza jinsi dawa zinavyopenya au kushindwa kupenya kwenye bakteria. Ni msichana mwembamba, mwenye miwani, anayesema kwa sauti ya chini kama mtu aliye maktabani.

Basi Mama Bitana alijivunia mkamwana wake kupita kiasi, ila hakuelewa hata chembe ya kazi yake. Wateja wakimuuliza, alijibu kichwa kikiwa juu, "Mkwe wangu ni daktari." Matokeo yake watu walianza kumvizia yule binti kila Jumapili alipokuja kuwasalimu wakwe. Huyu anamwonyesha kidonda, yule anamkoholea usoni. Naye maskini anarudi nyuma akisema, "Samahani, mimi si daktari wa kutibu." Mwishowe Mama Bitana akabadilisha maelezo. Nikamsikia siku moja akimwambia mteja, kwa fahari ile ile, "Mkwe wangu anafuga vijidudu."

Baina yao wenyewe kulikuwa na heshima nyingi mno. Namna hii:

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kazi inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri, Mama."

"Haya, vizuri."

Kisha mmoja anatazama mikono yake, mwingine anashika kipande cha kitambaa ambacho hakina haja ya kushikwa. Wote wawili walikuwa wakija kwangu baadaye, kila mmoja kwa wakati wake. Mama Bitana aliniambia, "Jirani, nadhani ananiona mjinga." Mkamwana, akija kuchagua vifungo asivyovihitaji, aliniambia, "Nadhani Mama alitaka mkwe mchangamfu." Mimi niliwajibu wote jibu moja, kwamba wanajisumbua bure, na hakuna aliyenisikia.

Kilichowafungua midomo kilikuwa maradhi.

Mama Bitana alianza kwa kulalamika mgongo. Fundi cherehani kuumwa mgongo si habari, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kisha ikaja homa, na kwenda chooni kukawa ni mateso. Badala ya kwenda hospitali akafungua droo ya mumewe, akakuta vidonge vilivyobaki alipokuwa na jipu la jino, akavimeza. "Vilimponya mume wangu," aliniambia huku akitetemeka ndani ya sweta mchana wa jua kali. "Uso wake ulikuwa kama puto, ukanywea. Mimi nitashindwa na mgongo?"

Akashindwa. Kesho yake cherehani haikulia, na mikebe yangu ilitulia rafuni hata nikaogopa. Nilipoingia kwake nilimkuta amelaza kichwa juu ya meza ya kukatia, shavu limeshika chaki, anasema maneno yasiyopangika. Nilimwita Kipara kwa ukelele, naye akavuka barabara na kitana mkononi, akamwacha mteja upande mmoja tu wa kichwa ukiwa umenyolewa.

Hospitali walimlaza. Daktari alisema maambukizi yamepanda hadi kwenye figo, akaagiza mkojo upelekwe maabara waoteshe bakteria na kujaribu dawa zinazowaweza. Majibu yalipotoka alibadilisha dawa, akamwekea nyingine ya kupitia mshipa. Homa ikaanza kushuka, na jambo la kwanza lililomrudia Mama Bitana lilikuwa udadisi.

Alasiri hiyo tulikuwa wawili kando ya kitanda, mimi na mkamwana. Kipara alikuwa wodi ya wanaume, akiwasimulia watu asiowajua jinsi alivyovuka barabara.

"Mwanangu," Mama Bitana alimwambia mkwe wake, "wewe si ndiye unayekaa na hawa wadudu kutwa? Hebu nieleze. Ile dawa ilimponya baba mkwe wako. Mimi imenikataa. Nimeikosea nini?"

Mkamwana akasogeza miwani. "Mama, bakteria wa kundi la gramu-hasi wana utando wa nje uliojaa lipopolisakaridi, na kwenye—"

"Simama hapo hapo. Mimi mgonjwa. Niambie kwa maneno ya kumwambia mtu aliyelala. Huyo mdudu wangu amevaa nini?"

Yule binti akatazama shuka, akatazama mpira wa dripu, akanitazama mimi kana kwamba nina jibu. Kisha nikaona kitu kimewaka machoni pake.

"Amevaa koti, Mama."

"Koti?" Mama Bitana akajiinua kwenye mto.

"Bakteria wote wana ngozi ya ndani. Tuseme hilo ni shati. Juu ya shati wana wavu unaowabana wasipasuke. Kuna wanaoishia hapo. Wavu wao ni mnene, lakini dawa nyingi zinaupita. Hawa wako ni aina nyingine. Wavu wao ni mwembamba, ila juu yake wamevaa koti zima. Hata tukiwapaka rangi maabara wanajitenga. Wale wasio na koti wanabaki zambarau, na hawa wa koti wanatoka waridi."

"Hilo koti ni la kitambaa gani?"

"La mafuta, Mama. Tena pande zake hazifanani. Upande wa ndani ni mafuta ya kawaida, kama yale ya shati. Upande wa nje ni kitu kingine kabisa, kizito, kimeshikana, na kina nyuzi ndefu zinazoning'inia kama manyoya."

Mama Bitana akainua kidole. "Ngoja. Nje kitambaa kimoja. Ndani kitambaa kingine. Vimekaa pamoja, mgongo kwa mgongo?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo ana bitana!"

Aliisema kwa sauti ya kuamsha wodi, na kweli mama wa kitanda cha pili akaamka akiuliza kuna nini. Muuguzi akaja mbio. Mama Bitana alikuwa anacheka huku ameshika ubavu unaomuuma, anasema, "Jamani, miaka yote nawaambia watu koti ni bitana, na bakteria anajua! Bakteria!" Na kando yake mkamwana, yule wa sauti ya maktaba, alikuwa ameinama juu ya kitanda akicheka mpaka miwani ikamwangukia shukani. Sikuwahi kuyaona meno yake hadi siku ile.

Walipotulia, maswali yakafuata kama mvua. Anakulaje mtu aliyefunga koti juu hadi chini? Mkamwana akamweleza kwamba koti lina vitundu vidogo, na chakula hupita humo. Dawa ndogo zinazopatana na maji hupita humo humo. Dawa kubwa zinagonga na kurudi.

"Basi ile ya jino ni kubwa."

"Hapana, ile inapita, Mama. Ila hawa wako ni wajanja. Kati ya koti na shati kuna nafasi, na humo wameweka mkasi. Dawa ikiingia tu, inakatwa kabla haijafika kwenye kazi yake. Hii uliyowekewa sasa umbo lake haliukubali mkasi huo."

"Ana mkasi pia!" Mama Bitana akajilaza tena, uso umejaa furaha. "Nimeugua ugonjwa wa fundi mwenzangu."

Alipotoka hospitali alikuwa amepungua, gauni linamwelea, lakini cherehani ililia siku ya pili yake. Na mkamwana akaacha kungoja Jumapili. Akitoka kazini anapitia kwa mama mkwe, anaketi kwenye kiti cha wateja, anavua viatu. Nilikuwa nawasikia kupitia mbao zangu. Yule anauliza habari za koti la mdudu, huyu anauliza kwa nini kwapa la nguo hukatwa mviringo. Wakati mwingine walisema wote kwa pamoja na hakuna aliyejali.

Ilikuwa katika moja ya jioni hizo, jua bado liko kwenye mabati, ndipo mkamwana akaja na uso mzito. Chuo kilikuwa kinaandaa siku ya kuwakaribisha wanafunzi wa shule, na kila mtafiti alitakiwa kuwaeleza watoto kazi yake. Mwaka uliopita alijaribu. Alikuwa na picha nzuri kwenye ukuta na maelezo aliyoyapanga vizuri.

"Walisinzia, Mama. Mmoja alikoroma. Mwalimu wake alimpiga kikumbo, na mwalimu mwenyewe alikuwa anapiga miayo."

"Ulivaa nini?"

"Koti jeupe la maabara."

Mama Bitana akaondoa mguu kwenye pedali. Nilisikia cherehani imesimama, nikajua kuna jambo. Nikaenda kuchungulia mlangoni.

"Mdudu wako," alisema taratibu, "ana ukubwa gani?"

"Haonekani kwa macho, Mama."

"Mimi nitakushonea anayeonekana."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, na nathubutu kusema mtaa wetu haujawahi kuona nguo iliyobishaniwa kiasi kile. Kitambaa cha nje kilikuwa waridi, hilo halikuwa na mjadala. Bitana wakaitafutia satini ya manjano inayoteleza, ili watoto waone kwamba pande mbili hazifanani. Ndani yake wakaweka wavu mwembamba wa pazia. Lakini ilipofika zile nyuzi za kuning'inia nje, Mama Bitana akaweka mkasi chini.

"Siwezi."

"Mama, lazima ziwepo. Ndizo zinazomkinga."

"Nyuzi kuning'inia nje ya nguo? Watu watasema sijui kumaliza mshono! Nimejenga jina mtaa huu kwa kukata nyuzi."

"Tutawaambia ni za makusudi."

"Mafundi wabovu wote wanasema ni za makusudi."

Nilicheka hadi nikaegemea mlango. Mwisho wakapatana kwamba nyuzi ziwe nene na ndefu kabisa, za sufu, ili hata kipofu ajue hazikusahaulika. Mimi nilizitoa dukani kwangu, rangi tatu, na nikakaa nao kuzishona. Kwa vitundu, Mama Bitana alikata matundu ya vifungo makubwa, akayazungushia uzi kwa mkono, kazi safi kama ya koti la bwana harusi. Mipira midogo ya plastiki ilipita humo vizuri. Mipira mikubwa ilikwama.

Kisha mkamwana akatuambia sehemu iliyokuwa ya kwake hasa, ile anayoilalia na kuamka nayo.

"Zile nyuzi za nje hazipendani," alisema. "Zinasukumana. Kinachozishika pamoja ni chembe za magnesiamu na kalsiamu zinazokaa katikati yao. Zikitoka hizo, koti linalegea. Kuna dawa za zamani zinazofanya hivyo hivyo, zinang'oa zile chembe na kulifumua koti. Tatizo ni kwamba zinaweza kuumiza figo za mgonjwa, kwa hiyo madaktari huziogopa. Mimi na wenzangu tunatafuta kitu kipole zaidi. Kisimuue mdudu, kimfungue koti tu. Halafu ile dawa kubwa, iliyokuwa inarudishwa mlangoni, iingie ifanye kazi."

Mama Bitana akanitazama, nami nikamtazama. Tukasema kwa pamoja, "Vifungo vya kubana!"

Ninavyo, vile vya chuma vya sehemu mbili vinavyolia *tak* vikikutana. Nikaleta mkebe mzima. Tukavipanga kifuani na ubavuni, tukavifunika kwa vitambaa vya kijani ili vionekane kutoka mbali. Koti lilipokamilika lilikuwa kubwa kama hema, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna anayeweza kulivaa. Mkamwana alizama ndani yake. Mumewe, fundi wa lifti, alilijaribu na likabaki limelegea mabegani kama nguo ya kuazima.

"Labda tulijaze mito," nikasema.

Mlangoni sauti ikasema, "Mnatafuta mtu mwenye umbo?"

Kipara alikuwa amesimama pale, brashi ya sabuni mkononi, anajaribu kuonekana kama mtu anayepita njia tu. Akaingia ndani ya koti. Lilimkaa kana kwamba alipimwa.

Kuanzia hapo hatukuwa na amani. Kipara alitaka kujua tabia ya bakteria, anatembeaje, anafikiri nini. Mkamwana akamwambia kwamba bakteria hafikiri. "Basi anahisi nini?" Akamwambia hahisi pia, ila wengine wana pampu ya kutapika dawa nje kabla haijawadhuru. Hapo Kipara akapata kazi yake. Aliwafanyia wateja wake mazoezi ya pampu mpaka wengine wakahamia kwa kinyozi mwingine kwa muda.

Siku yenyewe ukumbi wa chuo ulijaa watoto wa sare, wanarushiana karatasi. Mimi na Mama Bitana tulikaa mstari wa mbele. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu na anaminya mkono wangu. Mkamwana akapanda jukwaani, akasema kwa sauti yake ile ndogo kwamba leo atawaonyesha bakteria. Watoto wa nyuma hawakugeuka.

Ndipo Kipara akaingia.

Aliingia kwa ubavu, nyuzi za sufu zinayumba, mikono imejificha ndani, kichwa kinang'aa chini ya taa, ananguruma. Ukumbi ukapiga kelele. Wale wa nyuma wakasimama juu ya viti. Mkamwana akangoja, na nikaona mabega yake yamelegea. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Huyu amevaa koti! Nani anataka kumtupia dawa?"

Wote walitaka. Wakapewa mipira mikubwa kwanza, wakaitupa, ikagonga koti na kudunda, na Kipara akawacheka kwa madaha. Wakapewa midogo. Mingine ikapita kwenye matundu, watoto wakashangilia, lakini Kipara akageuka pampu. Akatoa mpira mmoja kupitia shingoni, akautupa. Akatoa wa pili. Akawa anatapika mipira huku anazunguka, na watoto wanaiokota na kuirudisha, mpaka jukwaa likawa ni mvua ya mipira na mwalimu mmoja akaachwa bila miwani.

"Sasa tufanyeje?" mkamwana akauliza.

"Mvue koti!" wakapiga kelele.

"Naam! Nani atafungua vifungo?"

Msichana mdogo mwenye nywele zilizosukwa mikia miwili akapanda. Akashika kifungo cha kijani, akavuta. Hakikufunguka. Akashika kwa mikono miwili, akaweka mguu mbele, akavuta, na Kipara mzima akasogea naye, lakini kifungo kiko pale pale. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mkamwana akatutazama.

Mama Bitana akajifunika uso kwa mikono. "Jirani," akasema kati ya vidole, "nilibadilisha vifungo. Vile vya kwanza vilikuwa vinafunguka kila mume wangu akivuta pumzi. Nikaweka vile vyako vya mahema."

"Vya mahema!"

"Siwezi kushona kitu kinachofunguka ovyo. Mkono unakataa."

Nikadhani mambo yameharibika. Lakini yule binti juu ya jukwaa alimtazama mtoto, akatazama kifungo, akacheka, cheko lile lile la wodini.

"Mnaona?" akawaambia watoto. "Na ndivyo ilivyo kweli! Molekuli moja ya dawa haiwezi kufungua koti. Zinatakiwa nyingi, zivute pamoja. Njooni!"

Sijui kama alitegemea waje wote. Walimiminika jukwaani kama maji. Kipara alipotea chini yao, tukasikia tu sauti yake ikisema, "Taratibu, nina umri!" Kisha *tak*, *tak-tak*, *takatakatak*, vifungo vyote vikaachia, koti likafunguka kutoka shingo hadi magoti, na satini ya manjano ikamwagika nje. Mtoto mmoja akachukua mpira mkubwa kuliko yote, akautia ndani. Kipara akasimama, akashika kifua, akayumba kushoto, akayumba kulia, akapiga goti, akainuka tena, akasema maneno ya kuaga ambayo bakteria hana, akafa. Alikufa kwa muda mrefu sana. Watu walipopiga makofi akafufuka ili ainame, na mkamwana akalazimika kumkumbusha kwamba yeye ni maiti.

Walipokuwa wanarudi vitini, yule msichana wa nywele za kusuka akabaki. "Dada," akasema, "na bakteria akijifunza kushona vifungo vingine?"

Mkamwana akachuchumaa mbele yake. "Wanajifunza kweli. Kuna wanaobadilisha nje ya koti ili dawa ikose pa kushika. Ndiyo maana kazi yangu haiishi."

"Basi nikikua nitakuja kukusaidia."

"Nitakuwa nakungoja."

Mama Bitana alilia hapo, machozi ya kutiririka, akaniomba leso ambayo tayari nilikuwa naitumia mimi.

Koti lile tangu hapo limezunguka shule nyingi, na kila likirudi hupita kwa Mama Bitana kuunganishwa sufu. Kipara naye watoto wa mtaa wanamwita Bakteria, mbele ya wateja, na anajibu. Wateja waliohama wamerudi, wengine na watoto wao.

Majuzi mkamwana alimwalika mama mkwe wake maabara, nami nikajipenyeza. Tulipita chumba chenye sahani za kuoteshea zilizopangwa kama vifuniko vya mitungi, harufu yake kama ya mkate uliosahauliwa. Mama Bitana alitembea mikono nyuma, asiguse kitu. Mkamwana akaweka tone kwenye kioo, akarekebisha hadubini, akamsogezea kiti.

"Hawa wako hai, Mama. Ni jamii isiyo na madhara. Angalia hapa."

Mama Bitana akafumba jicho moja, akainama. Nikamuuliza, "Unaona nini?" Akanipungia mkono ninyamaze.

"Wanaogelea," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo. "Wembamba hivi, kama vipande vya uzi. Huyu anakwenda mbio, sijui anawahi wapi. Anageuka. Jamani, anageuka! Mwanangu, hebu njoo umwone huyu mmoja."

Mkamwana akainama kando yake, shavu kwa shavu, ingawa hadubini ile ni ya mtu mmoja na hakuweza kuona kitu. Nyuma yao wanafunzi wa chuo wakaanza kukusanyika wakingoja kutumia mashine. Mmoja akakohoa kwa adabu. Mama Bitana hakuondoa jicho.

"Subirini, wanangu," alisema. "Ndiyo kwanza nimefika."